Grace Hopper, mwalimu wa hesabu aliyeifundisha kompyuta kusoma maneno

Katikati ya miaka ya 1950, mjini Philadelphia nchini Marekani, mwanamke mmoja aliyekaribia miaka hamsini aliwaita wakubwa wa kampuni yake waje kutazama programu ndogo ya kompyuta. Enzi hizo kompyuta zilikuwa zikiamriwa kwa namba na alama ambazo wanahisabati peke yao waliweza kuzisoma. Programu aliyowaonyesha iliandikwa kwa maneno ya kila siku ya Kiingereza: soma faili hii, linganisha na ile, andika jibu, simama. Wakubwa waliridhika. Kisha akayaondoa maneno ya Kiingereza, akaweka ya Kifaransa mahali pake, na mashine ikafanya kazi ileile. Akaweka ya Kijerumani, ikafanya vilevile.

Hapo wakubwa wakaingiwa na hofu. Kwa akili yao, kompyuta iliyoundwa Philadelphia na Wamarekani isingeweza hata kidogo kujua Kifaransa wala Kijerumani. Yeye na kundi lake walitumia miezi kuwatuliza, na mwishowe ilibidi waahidi kwamba programu ingetumia Kiingereza tu. Sisi ambao asubuhi tunaamkia Kiswahili nyumbani, saa mbili tunaingia ofisini kwa Kifaransa, na jioni tunampigia nyanya simu kwa Kishi au Kinande, tunaelewa upesi jambo ambalo wakubwa wale hawakulielewa. Kwa mashine, neno ni alama tu. Haijui lugha ya mtu yeyote, ila inafuata orodha ya alama iliyopewa.

Mwanamke huyo aliitwa Grace Hopper. Alikufa mwaka 1992, na katika maisha ya miaka 85 alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mtafiti, mfanyakazi wa kampuni changa iliyokaribia kufilisika, na mwisho afisa mkuu wa jeshi la majini la Marekani. Vijana wetu wanaosoma informatiki pa Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi hukutana na jina lake kwa mstari mmoja tu katika vitabu, kisha wanaambiwa ndiye aliyevumbua COBOL. Mstari huo hauko sawasawa, na maisha yake yana mambo mengi kuliko hayo.

Saa saba na mtihani wa Kilatini

Alizaliwa New York tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1906, akaitwa Grace Brewster Murray. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba yake alifanya kazi ya bima. Mama yake alipenda hesabu, lakini alikulia katika wakati ambapo msichana hakuruhusiwa kuzifuata mbali. Baba alikuja kukatwa miguu yote miwili kwa ajili ya ugonjwa, na hofu ya kuwaacha watoto bila tegemeo ikamfanya aamue kwamba binti zake wawili watasoma sawa na kaka yao. Kwa familia ya mwanzo wa karne ya 20 uamuzi huo haukuwa wa kawaida, hata Marekani.

Kuna kisa cha utoto wake ambacho hakikosi kusimuliwa. Akiwa na miaka saba, alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi. Akaifungua moja, vyuma vikatawanyika, akashindwa kuirudisha. Akachukua ya pili ili aone mfano, nayo ikatawanyika. Mama yake alipogundua, saa saba za nyumba zilikuwa zimefunguliwa. Hakumpiga. Alimwachia saa moja ya kuchezea na kumkataza kugusa nyingine.

Hata hivyo mtoto huyu mwerevu alianguka mtihani. Alipotaka kuingia chuo cha wasichana cha Vassar, katika jimbo la New York, alishindwa Kilatini na akaambiwa asubiri mwaka mmoja. Aliingia mwaka 1924 na kumaliza mwaka 1928 katika hesabu na fizikia. Akaenda chuo kikuu cha Yale, akapata shahada ya pili mwaka 1930 na doktora ya hesabu mwaka 1934. Mwaka 1930 aliolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa fasihi. Waliachana mwaka 1945 bila kupata mtoto, lakini jina la mume alibaki nalo maisha yote.

Vassar walimwajiri kabla hajamaliza doktora, mwaka 1931, kwa mshahara wa dola 800 kwa mwaka. Ualimu wake ulikuwa wa namna ya peke yake. Katika somo la uwezekano, kazi ya kwanza aliyowapa wanafunzi ilikuwa kuandika insha juu ya kanuni moja ya hesabu, na aliisahihisha kama mwalimu wa lugha, akikata alama kwa sentensi mbovu. Wanafunzi walilalamika kwamba walijiandikisha kwa hesabu na si kwa uandishi. Yeye alishikilia kwamba hesabu ambayo mtu hawezi kumweleza mwenzake haina faida. Ukitazama kazi aliyokuja kuifanya miaka 20 baadaye, utaona kwamba wazo lilikuwa hilohilo. Na yeye mwenyewe, ingawa alikuwa mwalimu, alikuwa akiingia katika masomo ya wenzake na kukaa kama mwanafunzi ili ajue hesabu inatumika wapi.

Kilo 48

Mwezi wa 12 mwaka 1941 Wajapani walishambulia Pearl Harbor na Marekani ikaingia vitani. Mwaka uliofuata jeshi la majini lilifungua mlango kwa wanawake. Hopper, ambaye babu wa mzazi wake alikuwa amiri wa jeshi hilo, alitaka kuingia, lakini sababu za kumkataa zilikuwa nyingi. Umri wake ulikuwa umepita. Alikuwa na uzito wa kilo 48 hivi, karibu kilo saba chini ya kipimo kilichotakiwa. Tena serikali ilihesabu walimu wa hesabu kuwa watu wa lazima wasiotakiwa kuacha kazi zao. Alihangaika mpaka akapewa ruhusa ya pekee kwa uzito wake, akaomba likizo chuoni, na mwezi wa 12 mwaka 1943 akaapishwa. Katika mafunzo ya maafisa alimaliza wa kwanza katika kundi lake.

Mwezi wa 7 mwaka 1944 alitumwa chuo kikuu cha Harvard. Huko, ndani ya jengo lenye ulinzi, alikuta mashine iliyoitwa Mark I. Ilikuwa na urefu wa mita 15 na zaidi, kimo cha mita mbili na nusu hivi, uzito unaokaribia tani tano, na waya wa zaidi ya kilomita 800 ndani yake. Iliendeshwa na swichi za umeme na magurudumu yaliyozunguka kwa kelele kubwa, na iliweza kujumlisha mara tatu kwa sekunde. Simu ya bei ndogo kabisa inayouzwa sokoni leo inaipita mamilioni ya mara. Lakini mwaka 1944 ilikuwa ya ajabu, kwa kuwa ilifuata amri zilizotobolewa kwenye utepe mrefu wa karatasi na kufanya kazi mchana na usiku bila mtu kuishika mkono.

Mkubwa wake, Howard Aiken, alikuwa mtu mrefu, mkali, asiye na salamu nyingi. Alimwuliza alikuwa amekawia wapi, akamwonyesha mashine, akampa wiki moja ya kupiga hesabu ngumu kwa kutumia kifaa ambacho hakuwahi kukiona. Vijana wawili waliomtangulia, Robert Campbell na Richard Bloch, ndio waliomfundisha kuandika amri. Baadaye Aiken alimwagiza aandike kitabu cha kueleza mashine nzima. Hopper alijibu kwamba hajawahi kuandika kitabu. Akaambiwa yumo ndani ya jeshi sasa. Kitabu hicho, chenye kurasa zaidi ya 500, kilitoka mwaka 1946 na ni moja ya maandishi ya kwanza duniani yanayoeleza namna ya kuandika programu.

Hapa pana jambo linalotugusa sisi Wakongomani. Mwezi wa 8 mwaka 1944, mwanahisabati John von Neumann alifika Harvard na hesabu ambayo hakueleza ni ya nini. Kundi la Mark I liliipiga. Baada ya vita ndipo walipojua: ilihusu namna ya kuubana mpira wa plutoniamu kwa baruti kutoka pande zote, utaratibu uliotumiwa katika bomu la Nagasaki. Plutoniamu hutengenezwa kutokana na uraniamu, na sehemu kubwa ya uraniamu ambayo Wamarekani walikuwa nayo wakati huo ilitoka Shinkolobwe, Katanga, ambako wachimbaji wa Union Minière waliitoa ardhini bila kuambiwa inakwenda wapi. Wa Shinkolobwe hawakujua, wa Harvard hawakujua. Tofauti ni kwamba majina ya wale wa Harvard yameandikwa.

Vita vilipokwisha, Hopper alikataa kurudi Vassar, ingawa aliahidiwa cheo cha profesa kamili. Alibaki Harvard kama mtafiti. Katika miaka hiyo ndipo kilipotokea kisa cha mdudu. Tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 1947, mashine iliyofuata, Mark II, ilikwama. Mafundi wakafungua na kukuta nondo aliyekufa amenaswa ndani ya swichi. Wakambandika kwa utepe wa gundi kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba ni mara ya kwanza mdudu wa kweli kupatikana. Daftari hilo, na nondo wake, limo katika jumba la makumbusho la Smithsonian mpaka leo. Wengi husema Hopper ndiye aliyeanza kuita kosa la mashine mdudu. Si kweli, mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19, na nondo mwenyewe hakukamatwa na Hopper. Yeye alikuwa mhadithiaji hodari, akakisimulia kisa hicho miaka arobaini, na watu wakakiweka jina lake.

Kampuni changa na chupa

Mwaka 1949 mkataba wake Harvard ulikwisha, na chuo hicho hakikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke. Angeweza kwenda kwenye kampuni kubwa na salama. Akachagua kampuni ndogo ya Philadelphia, Eckert-Mauchly Computer Corporation, iliyoanzishwa na wahandisi wawili, Presper Eckert na John Mauchly. Hao ndio walioongoza ujenzi wa ENIAC katika chuo kikuu cha Pennsylvania. Walitoka chuoni baada ya ugomvi juu ya nani atamiliki uvumbuzi wao, na sasa walitaka kuuza kompyuta kwa wafanyabiashara, kitu ambacho watu wengi wenye makuta waliona ni ndoto.

Hali ya kampuni ilikuwa ile tunayoisikia hata leo kwa vijana wanaoanzisha kampuni za teknolojia: akili nyingi, fedha hakuna. Walikuwa wameahidi mashine, UNIVAC, kwa bei ndogo kuliko gharama ya kuitengeneza. Mfadhili wao mkubwa, Harry Straus, alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa 10 mwaka 1949, miezi michache tu baada ya Hopper kuingia. Mwanzoni mwa mwaka 1950 kampuni ikauzwa kwa Remington Rand, watu waliojulikana kwa kuuza mashine za kupiga chapa na mashine za umeme za kunyolea. UNIVAC ya kwanza ilikabidhiwa kwa idara ya kuhesabu watu ya Marekani mwaka 1951.

Katika miaka hiyo Hopper aliumia. Ndoa ilikuwa imevunjika, kazi ya Harvard imekwisha, kampuni inatetemeka, na alikuwa akinywa pombe kupita kiasi. Rafiki yake Edmund Berkeley, aliyefanya naye kazi Harvard, alimwandikia barua ya wazi kabisa kuhusu ulevi huo na kumtumia nakala mkubwa wake wa kazi. Wengi wangeivunja urafiki barua kama hiyo. Yeye alibaki kazini, na kazi yake kubwa kuliko zote ilifuata ndani ya miaka mitatu. Wanaosimulia maisha yake kwa watoto wa shule huiruka sehemu hii, nafikiri kwa kumheshimu. Mimi naona wanampunguza.

Mpira wa kikapu ndani ya kompyuta

Turudi kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo jina lake linapostahili kukaa.

Tangu Harvard, Hopper na wenzake walikuwa na madaftari. Mtu akipata kipande cha programu kinachofanya kazi vizuri, kwa mfano cha kutafuta kipeuo cha pili, wenzake walikinakili kwa mkono ndani ya programu zao. Wakinakili walikosea herufi. Na kwa kuwa kila kipande kilipaswa kuanza mahali pengine ndani ya kumbukumbu ya mashine, ilibidi waongeze namba fulani kwenye kila anwani, na hapo tena walikosea kujumlisha. Hopper alitazama hali hiyo na kujiuliza swali rahisi: kwa nini watu wanakaa kunakili na kujumlisha, wakati mbele yao kuna mashine ambayo kazi yake ni kunakili na kujumlisha?

Akaanza kutengeneza programu ya kutengeneza programu. Aliweka vipande vyote kwenye utepe, kila kimoja na jina lake la mkato. Mtu angeandika majina tu kwa mpangilio anaoutaka, na mashine yenyewe ingevitafuta, ingevinakili, ingerekebisha anwani, na kutoa programu iliyo tayari. Aliuita mfumo huo A-0, na kifaa cha namna hiyo tunakiita kompaila. Kazi hiyo aliifanya mwaka 1951 na 1952. Mwenyewe alisema kwamba alitiwa moyo na mwenzake Betty Holberton, aliyekuwa ametangulia kuandika programu inayotoa programu nyingine za kupanga data.

Tatizo moja lilimsumbua. Mashine ilisoma utepe mara moja tu, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ikiwa programu ilitaka kuruka kurudi nyuma, hakuna shida, anwani ilikwisha kujulikana. Lakini ikitaka kuruka mbele, kwenye kipande ambacho bado hakijapangwa, itakwenda wapi? Jibu lilitoka kwenye mpira wa kikapu aliocheza akiwa msichana. Katika sheria za wakati huo za wasichana, mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira. Alimpa mwenzake, akakimbia mwenyewe mpaka chini ya kikapu, kisha akarudishiwa. Hopper akatenga kona ndogo ndani ya kumbukumbu. Ruko la kwenda mbele lilitupwa kwenye kona hiyo na kungoja. Kipande kilipofika na kupewa anwani, anwani hiyo iliandikwa pale konani, na njia ikakamilika.

Mwezi wa 5 mwaka 1952 alieleza jambo hilo katika mkutano wa wanasayansi wa kompyuta mjini Pittsburgh. Hakuna aliyeharakisha kulitumia. Waliojua kuandika programu walijiona kama makuhani wenye siri, na wengine waliamini kweli kwamba kompyuta inaweza kupiga hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Hopper hakuacha. Toleo lililofuata, A-2, alilituma kwa wateja pamoja na maandishi yake ya ndani, akiwaomba walitumie, walirekebishe na wamrudishie maoni. Wanaopenda programu huria leo wangemtambua mara moja kuwa mwenzao.

Tuseme pia kwamba hakuwa malaika wa hesabu. Alipokuwa akijifunza mashine iliyohesabu kwa msingi wa nane, alizama ndani ya namba hizo mpaka akaanza kujaza kitabu chake cha hundi kwa msingi wa nane bila kujijua. Akiba yake ya benki ikakataa kulingana na karatasi zake. Mdogo wake Roger, mtu wa mambo ya benki, ndiye aliyekaa chini na kugundua tatizo.

COBOL ni ya nani?

Kutoka kwenye onyesho lile la Kifaransa na Kijerumani ilizaliwa FLOW-MATIC, lugha ya kwanza ya programu iliyotumia maneno ya kawaida kwa kazi za biashara: mishahara, stoki, bima. Wateja wa UNIVAC walianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1950. Lakini kila kampuni iliyouza kompyuta ilikuwa na lugha yake. Mteja aliyebadilisha mashine alitupa programu zake zote na kuanza upya.

Mary Hawes, wa kampuni ya Burroughs, ndiye aliyesukuma wazo la lugha moja kwa wote. Mwezi wa 4 mwaka 1959 kikundi kidogo kilikutana chuo kikuu cha Pennsylvania, Hopper akiwemo. Wakaiomba wizara ya ulinzi isimamie, kwa kuwa ndiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa wa kompyuta na isingeonekana kumpendelea muuzaji mmoja. Mwezi wa 5 mkutano mkubwa ulifanyika Pentagon. Kamati iliyoandika lugha yenyewe ilikuwa na watu kama Jean Sammet na Betty Holberton, na Hopper hakuwa mwanachama wake. Alikuwa mshauri wa juu. Sammet, mpaka uzeeni, alikasirika kila alipomsikia Hopper akiitwa mama wa COBOL.

Ukweli uko katikati. COBOL ilichukua mengi kutoka FLOW-MATIC, na bila miaka ya Hopper ya kubishana na wakubwa, pengine kamati isingethubutu kuandika lugha ya maneno. Lakini mikono iliyoiandika ilikuwa ya wengine, na baadhi yao walikuwa wanawake ambao majina yao hayajulikani nje ya vitabu vya taaluma. Mwezi wa 12 mwaka 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za kampuni mbili tofauti, RCA na Remington Rand, na zote zikatoa jibu moja. Kabla ya hapo, mjumbe mmoja wa RCA, Howard Bromberg, alikuwa amechoka na ucheleweshaji mpaka akanunua jiwe la kaburi, akaliandika jina la COBOL na kulituma kwa mkubwa wa kazi hiyo pale Pentagon.

Kustaafu mara mbili

Miaka hiyo yote Hopper alikuwa bado katika jeshi la akiba. Mwisho wa mwaka 1966, akiwa na miaka 60, aliandikiwa astaafu. Alisema ilikuwa siku ya huzuni kuliko zote maishani mwake. Miezi saba baadaye jeshi likamrudisha kwa muda wa miezi sita, kwa sababu kila kambi na kila meli ilikuwa na COBOL yake na programu hazikuelewana. Miezi sita ikageuka kuwa miaka 19. Yeye na vijana wake waliandika majaribio ya kupima kama kompaila ya muuzaji inafuata kweli lugha iliyokubaliwa. Kazi hiyo haina sifa nyingi, lakini ndiyo iliyowalazimisha wauzaji kuacha kudanganya.

Ofisini mwake Pentagon palikuwa na saa ya ukutani iliyozunguka kinyume, ili wageni waone kwamba jambo linaweza kufanywa kwa namna nyingine na bado likatoa majibu sahihi. Alifundisha chuo kikuu cha Pennsylvania, na baadaye George Washington, na alisafiri kila wiki kutoa mihadhara. Majenerali walipouliza kwa nini ujumbe wa satelaiti unachelewa, aliwagawia vipande vya waya vya sentimita 30 hivi. Huo, aliwaambia, ni umbali mkubwa kabisa ambao umeme unaweza kwenda kwa nanosekunde moja, na kati yao na satelaiti kuna vipande vingi sana. Kisha alitoa rundo la waya wa karibu mita 300, urefu wa mikrosekunde moja, na kuwaambia waandishi wa programu kwamba hicho ndicho wanachotupa kila wanapopoteza mikrosekunde.

Mwaka 1969 chama cha wataalamu wa data cha Marekani kilimpa tuzo yake ya kwanza ya mwaka. Jina la tuzo lilikuwa Mwanaume wa Mwaka. Aliipokea.

Mwaka 1983 alipandishwa kuwa komodoro, cheo kilichobadilishwa jina mwaka 1985 kuwa amiri wa ngazi ya nyuma. Tarehe 14 mwezi wa 8 mwaka 1986, akiwa na miaka 79, alistaafu kwa mara ya mwisho juu ya meli ya zamani USS Constitution pale Boston. Alikuwa afisa mzee kuliko wote waliokuwa kazini katika jeshi hilo. Hakukaa nyumbani. Kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment ilimwajiri kama mshauri, akaendelea kuzunguka na waya zake mpaka nguvu zilipomwishia. Mwaka 1991 alipewa medali ya taifa ya teknolojia, mwanamke wa kwanza kuipata peke yake. Alifariki tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 1992, akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington.

Jeshi lake liliipa meli ya vita jina lake. Mwaka 2016 serikali ya Marekani ilimtunuku medali ya juu ya raia, na mwaka uliofuata Yale iliondoa jina la mwanasiasa aliyetetea utumwa, John Calhoun, kwenye moja ya nyumba zake za wanafunzi, ikaweka la Hopper.

Na COBOL, ambayo Bromberg aliinunulia jiwe la kaburi, haijazikwa. Mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya bado yanaitumia kuhesabu akaunti za watu. Mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati wa Korona, watu waliopoteza kazi katika jimbo la New Jersey walifurika kuomba msaada, na mashine za zamani za serikali zikashindwa kubeba mzigo. Gavana alisimama mbele ya waandishi wa habari na kuomba watu wajitolee: alihitaji mtu yeyote, hata mzee aliyestaafu, ambaye bado anajua kuandika COBOL.